Uzi: Mpangilio wa jiko la nyumba ya wazazi Tanga, naomba mawazo yenu kabla mwashi hajaanza

#1 Mtanga (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Tunakarabati nyumba ya wazazi hapa Tanga. Paa limeshabadilishwa, vyumba vimevutwa nyaya mpya, sasa zamu ni ya jiko. Kazi yangu ni kuchora ramani, kwa hiyo ndugu zangu wamelitupa kwangu. Nauleta mchoro hapa wenye macho wauone mapema, maana plasta ikishakauka na vigae vikishalala, kila badiliko ni hela na vumbi.

Msimamo wangu niuseme kabisa: jiko hupangwa kwa kufuata chakula kinachopikwa humo na mwili wa yule anayepika. Makabati yanafuata baadaye. Wateja wengi wananijia na picha kwenye simu, jiko jeupe lenye kaunta katikati, na humo huoni pa kuweka hata ndoo ya maji. Nikiuliza nani anapika, anapika nini, kwa ajili ya watu wangapi, ndipo kazi inapoanza.

Kwetu anapika mama. Si mrefu, na magoti yanamsumbua. Siku za kawaida ni watu wanne, Ijumaa na sikukuu nyumba inajaa. Wali wa nazi, ugali, samaki, maharage, mchicha. Nazi inakunwa hapo hapo nyumbani, na hilo halibadiliki. Nilimwangalia anavyopika toka mwanzo mpaka kupakua. Kuchambua mchele, kuchambua mboga na kukuna nazi anafanya amekaa. Kuosha, kukata na kusonga anasimama. Kwa hiyo jiko lake linahitaji kimo zaidi ya kimoja, wakati picha zote za kwenye simu zina kimo kimoja tu.

Chumba chenyewe ni mita 3.6 kwa 3.0. Mashariki kuna mlango wa kwenda sebuleni tunapolia chakula. Magharibi, kwenye kona ya kaskazini, kuna mlango wa uani. Kusini ni ukuta wa nje wenye dirisha. Kaskazini tumepakana na stoo.

Kaunta nimeichora kama herufi L. Inaanza ukuta wote wa kusini, inakata kona, inapanda ukuta wa magharibi kwa mita 2.0 na kuishia karibu na mlango wa uani. Kina sentimita 60. Sinki liko chini ya dirisha, katikati ya ukuta wa kusini. Sababu kubwa si mandhari, ni bomba la maji machafu: likitoka moja kwa moja ukutani linaingia chemba iliyoko hatua chache nje. Bomba la sinki linahitaji mteremko, mimi huweka sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Ukihamishia sinki upande wa stoo, inabidi upasue sakafu yote ili upate mteremko huo, na mafuta ya samaki yatakuja kuganda humo ndani usipoweza kufikia.

Friji nimeiweka mwisho wa kaunta, kona ya karibu na mlango wa sebuleni. Mtoto akitaka maji ya baridi anafungua, anachukua, anatoka, hapiti nyuma ya mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Moto uko ukuta wa magharibi. Toka sinki mpaka jiko la gesi ni kama mita 1.8, sinki mpaka friji 1.5, friji mpaka jiko 3.1. Jumla 6.4. Wachoraji wana kanuni ya zamani, toka miaka ya 1940 huko Marekani, kwamba jumla ya pembetatu hiyo ya sinki, moto na friji ikiwa chini ya mita 4 mnabanana, ikizidi 8 mnachoka. Kwangu ni kipimo cha kukagulia mchoro uliokwisha, sianzi nacho.

Sasa jambo ambalo ndugu zangu wanalipinga. Kaunta ya sinki na ya kukatia iko sentimita 85. Sehemu ya moto nimeishusha mpaka 65. Hesabu ni hii: jiko la gesi la kuweka juu ya meza lina kama sentimita 12, sufuria ya ugali wa watu wanane ina kama 20. Ukiliweka juu ya kaunta ya 85, mdomo wa sufuria unafika 117. Kiwiko cha mama akiwa amesimama ni karibu sentimita 98. Yaani anasonga ugali mikono ikiwa imeinuka kuelekea kifuani, mabega juu, mvuke usoni. Ukiliweka kwenye 65, mdomo wa sufuria unakuja 97, usawa wa kiwiko, na uzito wa mwili unamsaidia kukandamiza mwiko. Asiyeamini aweke sufuria juu ya meza ndefu kisha juu ya meza fupi, asonge kote kuwili.

Upande wa stoo hakuna kaunta. Kuna benchi la zege la urefu wa mita 1.5, kimo sentimita 45, limevishwa vigae. Hapo mama anakaa kuchambua mchele, mbuzi inawekwa pembeni yake, na juu kuna rafu za kina cha sentimita 30 kwa unga, mchele na sufuria kubwa. Jiko maarufu la Frankfurt la mwaka 1926, alilolibuni Margarete Schütte-Lihotzky, lilikuwa na upana wa mita 1.9 tu na urefu 3.4, na bado aliweka kiti cha kuzunguka ili mpishi afanye kazi amekaa. Alipima hatua na mikono ya mpishi kwanza. Karibu miaka mia imepita na huku kwetu bado tunamchorea mama jiko la kusimama kutwa.

Mawazo yenu tafadhali. Nyundo bado haijagusa ukuta.

#2 mama_wawili

Kaka Mtanga, hongera kwa kumfikiria mama. Hilo benchi nimelipenda sana, mimi nachambua mchicha nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Ila 65 kwa moto inanitisha. Wajukuu je? Mtoto wa miaka mitatu mkono wake unafika hapo bila shida. Maji ya ugali yanayochemka ni hatari. Kwa nini usiweke 80 kote ukamaliza?

#3 Mtanga

Dada mama_wawili, hoja yako ni nzito na ndiyo hiyo hiyo ya dada yangu mkubwa.

Nilichofanya: moto umesukumwa nyuma kabisa mpaka ukutani, na kati ya ukingo wa kaunta na jiko nimeacha sentimita 15 tupu. Mikono ya sufuria inaelekezwa upande, haining'inii nje. Halafu mlango wa sebuleni unapata kijilango cha nusu, cha mbao, kimo sentimita 90, komeo upande wa ndani juu. Watoto wakija, kinafungwa.

Lakini 80 kote sikubali. Wajukuu wanakuja likizo. Mama anasonga ugali kila siku ya Mungu, na bega lake la kulia limeshaanza kulalamika. Na hata kwenye 80 mtoto wa miaka minne akinyoosha mkono anafika, kwa hiyo kimo peke yake hakimlindi. Kinachomlinda ni kutoingia.

#4 Seremala wa Keko

Mkuu umechora vizuri, naongeza ya upande wangu wa makabati.

Kwanza, miguu ya makabati. Huku kwetu sakafu ya jikoni inadekiwa kwa maji, tena mengi. Kabati lenye kitako cha mbao au emdiefu (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) linavimba kutoka chini, milango inaanza kugoma. Mwambie mwashi ajenge kitako cha zege cha sentimita 10, akivishe kigae, kabati likae juu yake. Na kitako hicho kiingie ndani sentimita 7 hivi kuliko uso wa kabati, vidole vya miguu vipate pa kuingia. Bila nafasi hiyo mpishi anasimama mbali na kaunta na kuinama, na mgongo ndio unaolipa.

Pili, Tanga ni chumvi. Bawaba za bei rahisi zinakula kutu mapema sana. Tumia za chuma kisichoshika kutu, na chini ya sinki usiweke emdiefu kabisa. Weka marine bodi, yaani plaiwudi inayostahimili maji, au milango ya mninga juu ya kuta za tofali zilizopigwa vigae ndani. Hiyo ya tofali wengi wanaidharau ila mchwa hali tofali.

Tatu, graniti isipimwe kwenye mchoro. Ipimwe makabati yakishakaa mahali pake. Kuta za nyumba za zamani hazina pembe mraba, mimi nimekuta kona imetoka sentimita 3 kwenye urefu wa mita mbili. Ukikata jiwe kwa mchoro unabaki na pengo la kujazia saruji nyeupe.

#5 Mtanga

Mkuu wa Keko, hilo la kitako nalichukua lote. Na makabati ya juu nimeyaondoa kabisa, badala yake rafu za wazi kuanzia sentimita 140 kutoka sakafuni. Kwa unyevu wa huku, kabati la juu lililofungwa linanuka na mende wanazaliana humo. Tena mama haoni kilichoko rafu ya nyuma, ananunua binzari mara mbili.

#6 Binti Kisauni

Hamjambo nyote. Mie niko Mombasa, jikoni kwetu ni kudogo kuliko huko kwenu, ni nyumba ya ghorofa, lakini kazi ni zile zile: nazi, kifumbu, samaki.

Nauliza upepo. Mwenye uzi kasema dirisha liko kusini na mlango wa uani uko magharibi, na moto uko baina yao. Kusi ikianza kuvuma si itazima moto, au ulale upande mmoja wa sufuria? Kwetu kulikuwa na jiko chini ya dirisha, gesi ilikuwa inaisha upesi na chakula hakiivi, mpaka tukalihamisha.

Na samaki mnawaoshea wapi?

#7 Mtanga

Dada wa Kisauni, umegusa jambo linalotofautisha jiko la pwani na jiko la kwenye picha.

Kusi inatoka kusini na kusini-mashariki, inashika kuanzia Aprili hivi na kuendelea mpaka karibu Oktoba. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, Desemba mpaka Machi. Kwa hiyo karibu mwaka mzima upepo unatoka upande wa bahari kwenda bara. Ndiyo maana jiko limewekwa magharibi ya nyumba toka ilipojengwa: moshi na harufu ya kukaanga vinatoka uani badala ya kuingia vyumbani. Wazee walijua. Ubaya wake ni jua la alasiri, ambalo linapiga ukuta ule ule wa moto wakati chakula cha jioni kinaandaliwa. Hapo tunarefusha paa la uani kwa mita 1.5 likinge ukuta na mlango.

Kuhusu moto wenyewe, dirisha litagawanywa. Nusu ya chini kioo kisichofunguka, nusu ya juu inafunguka. Upepo utapita juu ya kichwa na kubeba joto lililopanda, maana hewa ya moto iko juu. Faida ya pili, koki ya sinki haigongani na bawa la dirisha. Halafu upande wa mlango, pale kaunta inapoishia, tunapandisha kiukuta cha tofali cha sentimita 40 juu ya kaunta ya moto. Kinakinga ndimi za gesi na pia mtu anayeingia na ndoo asikumbe sufuria.

Samaki wanaoshewa nje. Karo la nje linabaki, linasuguliwa na kupewa koki yake, chini ya hilo paa jipya. Masufuria makubwa ya sikukuu na magamba ya samaki hayana kazi ndani. Nimeona nyumba mpya nzuri ambazo zimefuta karo la nje, na wenye nyumba wanaishia kuchuchumaa kwenye bomba la bustani.

#8 Fundi Umeme Moro

Wakuu, naona mnazungumza gesi na maji tu. Umeme jikoni ndio unaochoma nyumba.

Soketi moja ya ampia 13 kwenye volti 230 inabeba kama kilowati 3, basi. Birika la umeme peke yake ni kilowati 2 na ushee. Mtu anachomeka birika, jiko la sahani na maikrowevu kwenye kiendelezi kimoja halafu anashangaa plagi imeyeyuka. Panga soketi za kutosha tangu mwanzo. Kwa kaunta yako mimi ningeweka nne za pacha, sentimita 110 kutoka sakafuni, hakuna hata moja iliyo karibu na sinki kwa chini ya sentimita 30, wala nyuma ya moto. Friji ipewe yake peke yake na kifaa cha kuikinga umeme unapopanda na kushuka.

Vuta pia waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye bodi ya umeme mpaka ukuta wa jiko, wenye swichi yake ya kukatia, hata kama leo unatumia gesi. Kesho mkitaka jiko kubwa la umeme au oveni, waya upo ukutani. Saketi za jikoni ziwe na swichi inayokata umeme ukivuja, na hakikisha waya wa ardhi upo kweli, usihesabu tu tundu la tatu kwenye soketi. Nyumba za zamani nyingi lile tundu halijaunganishwa na kitu.

Jambo la mwisho, taa. Taa moja katikati ya dari inamfanya mpishi akate kitunguu kwenye kivuli chake mwenyewe. Weka ukanda wa taa chini ya rafu, ung'ae juu ya ubao wa kukatia.

#9 Mtanga

Fundi, asante. Waya wa 6 unaingia. Mama ameanza kupenda jiko la presha la umeme kwa maharage na makande, na kwa kweli linakula umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani kwa sababu likishapata presha linajizima na kuwaka. Tayari limepewa soketi yake karibu na friji.

#10 Mpangaji wa Mwanza

Mkuu, mtungi unakaa wapi? Wengi tunauweka kwenye kabati chini ya jiko. Na mkaa mmeuacha kabisa?

#11 Mtanga

Mtungi uko nje, ndugu yangu, na hapa naomba kila mtu asome taratibu.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka na kutambaa sakafuni kutafuta mahali pa chini. Kabati lililofungwa chini ya jiko ni mahali pabaya kuliko pote: inajaa humo kimya kimya, na cheche ya kuwashia iko juu yake. Mtungi wa kilo 15 utasimama wima nje ya ukuta wa magharibi, ndani ya kibanda cha tofali chenye mlango wa nondo, chenye nafasi wazi chini kabisa ili gesi itoke. Kibanda kisiwe karibu na chemba wala mdomo wa mfereji wa maji, kwa sababu gesi inaweza kuzama humo. Kwetu chemba iko kusini, mtungi uko magharibi, na umbali unatosha. Ukutani inapita bomba ya shaba, mpira unaonekana mwanzo na mwisho tu. Mpira uliofukiwa ukutani huwezi kuukagua. Baada ya kufunga, kila kiungo kinapakwa povu la sabuni, na pakitoa mapovu pana uvujaji. Kiberiti hakisogezwi.

Mkaa haujaachwa wote. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, macho ya mama yanajua moshi ni nini. Lakini samaki wa kupaka anachomwa kwa mkaa, na siku ya sikukuu sufuria kubwa ya pilau haikai kwenye jiko la meza. Hilo linafanyika uani, chini ya paa lililo wazi pande tatu. Jiko la mkaa haliingii ndani hata mvua inyeshe vipi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila masika tunasikia familia iliyolala nayo.

#12 mama_wawili

Nimeelewa kuhusu kijilango. Swali lingine kaka: mna mpango wa kubomoa ukuta wa sebuleni muunganishe na jiko? Mume wangu anataka hivyo kwetu.

#13 Mtanga

Hapana dada. Ukuta ule umebeba linta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango, na juu yake kuna mbao za paa. Unaweza kufunguliwa kwa kuweka boriti ya zege, lakini hiyo ni kazi ya mhandisi kuja kuangalia, si ya fundi kugonga na kusikiliza. Na zaidi ya hapo, nyumba inayokaanga samaki mara tatu kwa wiki ikiwa na jiko lililounganishwa na sebule, makochi yote yatanuka. Kwenu kama mnapika vyakula vyepesi na wageni ni wachache, ni jambo la kufikiria. Mwambie shemeji kwanza achore kwa chaki.

Chaki namaanisha hivi. Hamisha vitu, chora kaunta, friji na milango sakafuni kwa vipimo kamili, pamoja na njia ambayo mlango wa friji unafungukia. Halafu anayepika apike pasipo moto: achukue kitunguu, aoshe, akate, ageuke, apakue. Tulifanya hivyo na mama. Alishika sufuria tupu, akatoka penye moto akielekea sinki kumwaga maji ya maharage, akasimama kwenye mstari na kusema, "Hapa nageuka na maji ya moto, nitaweka wapi?" Ndiyo iliyozaa sentimita 45 za kaunta kati ya moto na kiukuta, na nyingine 35 upande wa kona. Kila moto upewe mahali pa kutua sufuria kulia na kushoto. Mimi nilikuwa nikilisoma hilo vitabuni, mama alilisema kwa kusimama tu.

#14 Seremala wa Keko

Mkuu, mpangilio wa kazi umeshaupanga? Hapa ndipo mafundi wanapogombana.

#15 Mtanga

Tayari. Bomba la maji machafu na chemba kwanza, na limwagiwe ndoo kadhaa za maji kabla ya kufukiwa. Kisha maji safi na nyaya. Mwashi anajenga benchi, kiukuta na vitako, anapiga plasta. Vigae vya sakafu, vile vyenye uso wa kukwaruza, si vya kung'aa, kwa sababu ya maji na mafuta. Wewe au mwenzako wa huku anafunga makabati, jiwe linapimwa, linakatwa, linalazwa. Vigae vya ukutani vinakuja baada ya jiwe ili vikae juu yake na maji yasipite nyuma. Gesi na soketi mwisho.

Bei nimeulizwa inboksi na wengi. Sitaji, kwa sababu graniti ya aina mbili tofauti inaweza kubadilisha hesabu yote. Ila mgawanyo naweza kusema: fedha ikiwa ndogo, tumia kwenye bomba, nyaya na mteremko. Milango ya makabati inaweza kuwa pazia kwa mwaka mzima na chakula kikaliwa.

Mabadiliko yaliyoingia kwenye mchoro kutokana na uzi huu: kitako cha zege cha sentimita 10, saketi zenye swichi ya kukata umeme unaovuja, waya wa 6, na taa chini ya rafu. Kiukuta cha upepo nakiongeza kimo mpaka 45, dada wa Kisauni amenifanya nikipime tena na mlango ukiwa wazi. Mchoro uliorekebishwa naupandisha kesho asubuhi, na mwashi anaanza na chemba Jumatatu. Mwenye neno kuhusu bomba la maji machafu aliseme kabla ya hapo.